Ngao ya Daraja la Matao Matatu

Jumatatu, 2 Machi 1964
Nimetundika ngao ya ukoo juu ya mlango. Ya mbao, ina simba mwekundu, na chini yake PITCORRIE kwa herufi za dhahabu. Nimeinunua Inverness, duka lenye ngao za kila jina. Yetu ilikuwa imebaki moja. Mke wangu Ishbel akasema simba amekaa kama paka aliyemwagiwa maji. Hana jicho la mambo haya. Kwao ni watu wa viazi.

Shabaha yangu ni Michezo ya Agosti. Kila ukoo wenye nembo hupita uwanjani nyuma ya bendera yake, wapiga zumari mbele. Sisi Pitcorrie hupita mwisho, na wauza aiskrimu. Mwaka huu nitabeba bendera mimi. Baba yangu ndiye kifungua mimba wa babu. Nina miaka arobaini na tisa, karani wa tiketi stesheni ya Inverlaggan, na sijawahi kutangulia popote.

Jumatano, 4 Machi
Aibu. Foleni ya bucha ya Lachlan, mtoto wa baba yangu mdogo. Huku akifunga soseji, mbele ya watu sita, akanieleza kwamba nembo si mali ya jina. Ni mali ya mtu mmoja, aliyeandikishwa na wakuu wa nembo kule Edinburgh. Simba wangu ana mwenyewe, na mwenyewe akitaka atanishtaki. "Mshushe paka wako, kaka Wattie, kabla hajakuparura." Mke wa mchungaji alicheka mpaka akaangusha vitunguu.

Nimeishusha jioni. Majirani nimewaambia naipiga vanishi.

Ijumaa, 6 Machi
Kumbe! Nimempelekea Shangazi Effie makaa. Ana miaka sabini na nane na macho yanamwishia. Mezani palikuwa na karatasi yenye muhuri wa Edinburgh. Akaifunika upesi kwa kitambaa, akasema ningoje Agosti, nitafurahi. Anataka kuiona ngao ya baba yake, alisema, kabla macho hayajafunga duka.

Nilikuwa nimeshasoma mstari wa kwanza. Lachlan anaomba nembo kwa jina la babu yetu Alasdair, mwashi aliyejenga daraja la mji. Mengine sikuyaona, ila sihitaji kuambiwa. Bendera ataibeba Lachlan, na mimi nitaambiwa nishike mwavuli. Furaha za Lachlan nazijua.

Jumatatu, 9 Machi
Mungu hamtupi mja wake. Edinburgh wameniandikia mimi. Babu alizaliwa 1851, miaka minne kabla serikali haijaanza kuandika vizazi, na daftari la kanisa lilioza kwa mafuriko. Ushahidi uliobaki ni ukurasa wa kwanza wa Biblia ya ukoo, wanapoandikwa watoto wote. Biblia ninayo mimi, kwa kuwa ni ya tawi kubwa. Wanaiomba kwa adabu sana.

Nimetumia wembe. Ukurasa umetoka vizuri, nimeuficha humu ndani ya shajara. Biblia nimewapelekea pamoja na barua: nasikitika, jina la mzee halimo, na katika ukoo husemwa kwa huzuni kwamba hakuwa Pitcorrie, aliokotwa akiwa mtoto mchanga ndani ya pipa la samaki. Hilo la pipa nimelitunga dakika ya mwisho. Barua ilikuwa imepooza.

Alhamisi, 2 Aprili
Ushindi. Ombi la babu limekataliwa. Lachlan amenipimia nyama bila kunitazama.

Shangazi hajaja kanisani Jumapili mbili. Ishbel alikwenda kumjulia hali, akarudi macho mekundu. Bi mkubwa anauliza swali moja tu: "Kama baba hakuwa Pitcorrie, mimi nimekuwa nani miaka yote hii?" Iliniuma, sikatai. Nikampelekea keki ya zabibu. Hakuigusa.

Alhamisi, 30 Julai
Lachlan amepata nembo. Kwa jina lake mwenyewe, kwa ajili yake na wanawe tu. Daraja la matao matatu, juu yake nyundo ya mwashi.

Leo alikuja dirishani kwangu stesheni. Hakutaka tiketi. Alinipenyezea lile ombi la Machi, lililokataliwa, akanisubiri nisome mpaka chini. Mstari wa pili ulisema nembo ya marehemu hushuka kwa tawi kubwa. Kwa hiyo mwenye ngao na bendera angekuwa Walter Pitcorrie. Mimi! Lachlan, wa tawi dogo, angepewa ngao hiyohiyo yenye ukingo mwekundu, ajulikane ni mdogo wangu.

"Shangazi ndiye aliyetaka," akasema. "Eti ufurahi. Mimi nilikuwa tarishi tu."

Nimewapa watu wanne tiketi za Aberdeen, walitaka Perth.

Ukurasa bado upo. Nikiutoa, Shangazi anarudishiwa baba yake. Lakini wataniuliza ulikuwa wapi.

Jumamosi, 1 Agosti
Mvua. Bendera ilipendeza, nalisema hilo kwa kinywa kichungu. Lachlan mbele, zumari, kelele. Shangazi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, akiifuata bendera zaidi kwa sauti ya kitambaa kuliko kwa macho.

Akaniita. Alikuwa na beji: nyundo ya Lachlan ndani ya duara la mkanda na bizimu yake. Mkanda huo huvaliwa na wafuasi. Maana yake aliyeuvaa ni mtu wa fulani. Alinibandikia kifuani kwa kupapasa, akanichoma kidogo na pini, akanena polepole kwamba baba yake alimfundishia herufi kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia ile. Jina la mzee lilikuwa mstari wa tatu, na doa la wino juu ya A.

"Lilikuwemo, Wattie mwanangu. Tangu Machi nakungoja useme."

Nikasema mvua inazidi. Kisha nikapita uwanjani nyuma ya mbwa wa Lachlan.

Jumapili, 2 Agosti
Sikulala. Nimeutoa ukurasa. Ishbel amekwenda kwa Shangazi kuandaa chai, na mimi nikavaa koti niwafuate, nimwekee mkononi, nipige magoti ikibidi. Nilikuwa nimeshika kitasa.

Nikautazama mara ya mwisho dirishani, penye mwanga. Mstari wa tatu, babu, na doa lake. Chini, watoto wake. Baba yangu kwa wino wa kahawia. Baba yake Lachlan kwa wino mweusi. Kwa nini mweusi, kana kwamba aliongezwa baadaye?

Nimevua koti. "Waheshimiwa, kwa huzuni kubwa, nimeuokota nyuma ya kabati ukurasa unaotia shaka juu ya kuzaliwa kwa baba yake Bwana Lachlan..." Inakwenda vizuri. Jina la Shangazi nalo lina wino huohuo mweusi, lakini hilo sitalitaja, wataliona wenyewe.

Jirani amegonga. Ishbel ameagiza niambiwe chai inapoa na bi mkubwa ananiulizia. Nimejibu Shangazi aendelee kungoja.