Kibali cha Kuvamia

Jumatatu, 7 Juni 2004

Kosa wanalofanya viongozi wengi wa vikundi vya gemu za intaneti ni kuwaacha wachezaji wacheze. Matokeo yake kila mtu anavamia anapotaka, anajenga anapotaka, na hakuna anayejua Katibu ni nani. Mimi kosa hilo silifanyi. Nimekuwa mwalimu mkuu msaidizi, balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kamati za harusi zisizohesabika. Nishindwe na ngome tano za kwenye kompyuta?

Nieleze kwa faida ya msomaji, ingawa shajara hii ni ya siri. Gemu yetu ina jina refu la Kizungu. Sisi tunaiita Ngome. Kila mchezaji ana ngome yake, yenye ukuta, askari na ghala la ngano. Mtu wa nchi yoyote anaweza kuja kukuvamia. Ndiyo maana watu huungana. Sheria iko wazi: Jumamosi jioni msimu unafungwa, na kikundi kisicho na ngome tano zilizosimama kinafutwa. Sisi tuko watano. Wa akiba hatuna.

Kikifutwa? Sitaki hata kufikiri. Tangu nistaafu, Matilda hanitaki dukani. Tunauza sufuria kwa jumla, Mtaa wa Sikukuu. Anasema mteja akiuliza bei mimi namsimulia habari za aluminiamu, na kwamba tangu masharti ya biashara yalegezwe Kariakoo imejaa maduka ya sufuria yasiyo na masimulizi. Kwa hiyo jioni zangu zote ziko ghorofani, kwenye kafe ya intaneti ya Kuruthumu. Nje ya pale sina kijiwe.

Leo nimekipa kikundi jina: Umoja wa Ngome Kariakoo na Vitongoji. Kwa kifupi, UNGOKAVI. Kisha nikagawa vyeo. Mimi Mwenyekiti. Chandu, mzee mwenzangu wa Upanga aliyeuza vitambaa hadi magoti yakagoma: Makamu. Kuruthumu, binti wa Magomeni, mwenye kafe: Katibu. Filbert, muuza vipuri vya pikipiki: Mweka Hazina. Mwinyimvua, mkaanga samaki wa Feri: Afisa Uhusiano. Filbert akauliza, sasa mpiganaji ni nani? Swali la kitoto. Nimelipangia kikao.

Jumanne, 8 Juni

Maagizo mawili. La kwanza: ngano yote iletwe kwenye ghala langu, nami nitaigawa kwa haki. La pili: hakuna kuvamia bila kibali, na kibali kinaombwa kwa maandishi kupitia kwa Katibu.

Filbert kalalamika. Kasema hili ni duka la kaya limefufuka. Mama yake alipanga foleni ya sukari mpaka akaujua mgongo wa jirani kuliko uso wake, na yeye hakuja mjini kupanga foleni ya ngano isiyolika. Watu wakacheka kupita kiasi. Nikamweleza kwa utulivu tofauti kati ya ugawaji na uhaba. Dakika chache tu. Nilipomaliza alikuwa ameshashuka kununua muwa.

Hata hivyo ngano imeletwa. Yote!

Baadaye Kuruthumu akagundua ngome ya Mbrazili mmoja, wazi kabisa, haina hata mlinzi. Akaomba kibali. Nikamwambia aombe kupitia kwa Katibu. Akasema Katibu ni yeye. Nikasema naam, ajiandikie barua, ajipokelee, aisaini, aniletee. Akavuta karatasi, akaanza kujiandikia. Anacheza vizuri kuliko sisi sote, nakiri, ila taratibu hazijamwingia. Barua ilipofika mezani kwangu, Mbrazili alikuwa ameamka.

Jumatano, 9 Juni

Ngome ya Chandu imeizidi yangu! Ameipa jina la mkewe, Lalita, na ina farasi wengi kiasi kwamba kioo kinasita kuwaonyesha. Leo, mbele ya watu, kaniuliza kwa nini ngome ya Mwenyekiti ina mnara wa kumbukumbu lakini nyuma haina ukuta. Nikajibu kwamba kiongozi hujenga imani kwanza. Kasema ni kweli, ila adui haji na ngazi za kupandia imani. Mtu niliyenunua kwake vitambaa vya sare za shule miaka yote ile!

Nikabuni mpango. Gwaride! Farasi wote wa Makamu waje kwenye ngome yangu wakaguliwe, kuonyesha mshikamano. Alikataa. Nikaeleza. Akakataa tena. Nikaeleza zaidi. Mwisho akasema haya, Elisaria, anawaleta kwa heshima ya mvi zangu, maana ni nyingi kuliko zake. (Si kweli.)

Gwaride lilipendeza mno. Farasi wakiwa bado wanazunguka mnara wangu, kikundi kimoja cha Poland kikaingia Lalita na kuchoma mazizi yote.

Jioni simu ya dukani ikalia. Bi Lalita mwenyewe, kutoka Upanga. Anauliza kama ni kweli ameungua, na kama ni kweli, mbona mumewe anawalilia farasi tu? Nikamhakikishia kwamba ukuta wake ungali imara. Akasema asante Mwalimu, kwa umri wake hiyo ni habari njema.

Alhamisi, 10 Juni

Wapoland wamerudi. Safari hii wanamwendea Mwinyimvua. Gemu ilionyesha kwamba watafika baada ya saa moja na nusu. Muda wa kutosha kabisa kwa kikao cha dharura!

Akidi ilitimia. Ajenda zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, yatokanayo. Ya tatu, Mwenyekiti kueleza maana ya ukuta. Ngome ya Mwinyimvua ilikuwa ya kumi, kabla ya mengineyo.

Kuruthumu alikaa na kidole juu ya kipanya. Askari wake walikuwa karibu na kwa Mwinyimvua, hatua mbili. "Mwalimu, nibonyeze?" Nikasema asubiri, tuko ya tatu. Akasema Wapoland wameshavuka mto. Nikamwambia taarifa za dharura hupelekwa kwa Mwenyekiti. Akasema, "Si ndiyo nakuletea wewe?" Nikasema vema, nimeipokea, itajadiliwa kwenye ya kumi.

Mwinyimvua hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kuomba nafasi. Mtu mwenye adabu sana. Nilimwona, ila nilikuwa namalizia hoja. Nilipompa nafasi alisimama, akasema anamshukuru Mwenyekiti, alitaka kutoa taarifa kwamba anaungua, lakini sasa ameshaungua.

Filbert alicheka hadi akatoka nje. Chandu hakucheka. Mwinyimvua alikuwa akiijenga ngome ile tangu mwaka jana, jioni baada ya jioni, na kila alipofika kutoka Feri alifuta kwanza vidole kwa leso, kimoja kimoja, ili kibodi ya Kuruthumu isinuke samaki. Leo aliikunja leso ile, akaitia mfukoni, akaniambia usiku mwema, Mwalimu.

Tumebaki wanne.

Ijumaa, 11 Juni

Wanne! Kesho jioni tunafutwa. Filbert naye amejiuzulu Uweka Hazina, kwa barua ya neno moja nyuma ya risiti: "Nimechoka." Hakutaja hata tarehe ya kuanza kuchoka. Kikundini bado yumo.

Mwinyimvua anaweza kuanza ngome mpya, maana hata ngome changa yenye ukuta inahesabika. Lakini taratibu zinamtaka aombe upya kwa maandishi, na hajaomba. Kuruthumu kasema nimfuate Feri nikamwombe radhi, basi yaishe. Nimemweleza kwa nini Mwenyekiti hamfuati mwanachama. Kasema sawa, kwa sauti ambayo haikuwa sawa.

Kisha nikapata wazo. Matilda! Jina tu. Nimfungulie ngome, awe wa tano, nimpe Uweka Hazina na neno la siri la ghala. Mke hawezi kumpinga mumewe mbele ya kadamnasi. Wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata tangu nistaafu.

Matilda akauliza kazi ya mweka hazina ni nini. Nikamjibu, kukaa. Basi kafunga duka mapema, jambo ambalo halifanyi hata kwa misiba ya mbali, na kupanda ngazi za kafe. Kasema lazima aone anachokikalia. Kuruthumu alimwamkia, "Shikamoo mama," akamvutia kiti na kuanza kumfundisha. Walicheka sana pale kwenye kona. Mimi sikuwasikiliza. Nilikuwa naandaa hotuba ya msimu mpya.

Jumamosi, 12 Juni

Ghala langu tupu! Nikadhani ni Wapoland. Sio. Ni Matilda.

Ngano yote ameigawa. Chandu kajenga mazizi upya. Filbert kapata ukuta, Kuruthumu kaongeza askari. Na Mwinyimvua, ambaye nilimkuta ameketi kwenye kompyuta ya mwisho, alikuwa na ngome mpya aliyoianza asubuhi. Matilda alimfuata Feri alipokwenda kununua samaki. Nikamuuliza, kwa kibali cha nani? Akasema, "Baba Tarsis, mali ikilala ghalani ni ya panya." Nikaanza kumweleza misingi ya akiba ya pamoja. Akaniomba nisogee, namziba kioo.

Ndipo nikaambiwa. Wamejitoa UNGOKAVI. Wameanzisha kikundi chao, hakina katibu, hakina hata jina, kina picha ya samaki tu. Chandu ndiye aliyenieleza, kwa upole, akitazama viatu vyake. Nikawahesabu: Kuruthumu, Chandu, Filbert, Mwinyimvua. Nikawaonya, tena kwa huruma, kwamba wako wanne, jioni watafutwa, nao wanajua sheria. Kuruthumu akaniambia nihesabu tena.

Wa tano alikuwa mke wangu.

Wapoland wakaja kabla ya magharibi, wengi kuliko siku zote. Hakukuwa na kikao. Kuruthumu alisema, "Mzee Chandu, kushoto," na farasi wakatoka. Akasema, "Mama, ngano kwa Mwinyimvua," na ngano ikaenda. Mwinyimvua alishika ukuta wake mdogo akiwa amesimama wima kwenye chumba, kana kwamba angeuegemea kwa bega. Matilda alipiga kigelegele, mtaa mzima ukadhani kuna bibi harusi.

Msimu ukafungwa. Ngome tano, zote zimesimama.

UNGOKAVI ilikuwa na mimi na mnara. Kioo kikaniandikia kwamba sina kikundi. Nikachukua kofia yangu, nikashuka ngazi. Sikumweleza mtu kitu chochote. Matilda anasema hapo ndipo waliposhtuka.

Jumatatu, 14 Juni

Jana kanisani, kisha nyumbani. Sikula vizuri. Matilda hakunitania hata mara moja, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Leo asubuhi Chandu kaja dukani, kwa magoti yale, kutoka Upanga. Kasema ametumwa. Kiti cha sita kipo. Hakina cheo. Nije nicheze, na maelezo niyatoe baada ya vita. Nikamuuliza, kama maelezo hawayataki, mimi wananitakia nini? Akasema juzi walipomaliza kushangilia walikaa kimya wakitazamana. Walitaka mtu wa kuwasimulia walivyoshinda. Filbert alijaribu, akavuruga mpangilio wote, kaanza na mwisho. Mwinyimvua akasema ingekuwa Mwalimu, tungekuwa bado tuko mtoni, lakini tungeelewa. Chandu akaongeza kwamba Bi Lalita ameleta bajia, na zikipoa lawama ni juu yangu.

Nimekubali. Nimeguswa, sifichi.

Nimejichunguza pia, kwa unyenyekevu, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wajichunguze. Nimeliona kosa langu. Ajenda zilikuwa chache. Zingekuwa kumi na tano, ulinzi wa Mwinyimvua ungepata kipengele chake chenyewe na kamati ndogo juu. Nimeona pia kwamba kikundi cha watu sita wanaopendana, bila kiongozi, hakiwezi kudumu. Kinahitaji mtu wanayemsikiliza, na nyuma ya mtu huyo, mwingine mwenye uzoefu.

La kufanya leo: mteue Matilda mwenyekiti kabla ya chakula cha mchana, naye akuteue mshauri.