Mkaguzi Asiyedanganyika

Jumatatu, 7 Novemba 2011. Besançon.

Vita vimetangazwa! Asubuhi Bi. Vuillemin, mkuu wetu, katuita mimi na mwandishi wa programu mwenzangu, Maëlle Grosperrin. Kazi ya kudumu ni moja, sisi wawili. Alhamisi watu wa ushirika wa jibini wanashuka kutoka milimani kuiona programu ya kuchapa lebo zao. Atakayewaridhisha anabaki. Mwingine, mwisho wa mwezi, kwaheri. Maëlle akanitakia heri. Mnafiki! Nami nikamtakia heri, kwa adabu zaidi.

Mpango: kasi. Maëlle huandika polepole kama mtu anayechambua mchele.

Mchana nikaandika sentensi ya lebo. Ina matundu mawili, yaani nafasi ambazo programu itazijaza baadaye. Alama ya asilimia na herufi s: tundu la maneno, la jina la ghala. Asilimia na d: tundu la namba, la umri wa jibini kwa miezi. Kwa haraka nikalitia jina kwenye tundu la namba. Programu haikuanza hata kufanya kazi. Mkaguzi (ndivyo ninavyomwita yule mpekuzi aliyemo ndani ya lugha tunayoandikia programu, anayepitia kila mstari kabla haujatumika) akalipigia jina mstari: hapa ilitakiwa namba, umeleta maneno.

Jamani! Katika lugha zote nilizowahi kuandikia, kilichomo ndani ya alama za kunukuu ni maneno tu, hakuna anayekitazama. Huyu anasoma! Nikaongeza tundu la tatu, akadai kitu cha tatu. Nikaliondoa, akanyamaza. Nywele zikanisimama. Nikamchukia pia.

Jumanne, 8 Novemba.

Wazo la ajabu limenijia nikiwa naoga. Watu wa jibini hupenda kubadilisha maneno ya lebo kila msimu. Basi nitaweka sentensi kwenye faili la pembeni, wazigeuze wenyewe. Maëlle hawezi kulifikiria hili! (Saa nne nimegundua ameshalifikiria.)

Lakini Mkaguzi hataki. Kinachotoka kwenye faili, anasema, ni maneno matupu. Yeye hajayaona, hajui yana matundu gani. Nikaikata sentensi vipande viwili nikaviunga ndani ya programu. Akakataa. Nikaibadilisha jina. Akakataa. Sijapata kuona mlinzi wa namna hii. Hachoki, hakasiriki, hahongeki!

Maëlle akapita na kahawa yake. Akasema eti Mkaguzi hawezi kumdhamini mtu asiyemjua. Nimpe sentensi moja ya mfano, kisha kila inayotoka kwenye faili ilinganishwe nayo. Nikamshukuru, sikufuata. Adui hatoi ushauri wa bure.

Jumatano, 9 Novemba.

Nimepata! Ndani ya lugha hii kuna funksheni moja, yaani amri, ambayo wakongwe wa kazi hawapendi hata kuitaja. Humfanya Mkaguzi akubali kwamba kitu chochote ni kitu kingine chochote. Waliotengeneza lugha wameiita Uchawi. Kweli kabisa, jina lake ndilo hilo.

Nikaiita. Kimya. Mkaguzi hakusema neno. Lebo ikatoka safi: Ghala la Juu, miezi 18.

Ajabu ni kwamba sikufurahi mara moja. Niliitazama skrini. Siku mbili nilikuwa naye begani, na sasa hayupo. Niliogopa, nasema kweli. Kisha nikacheza ngoma kuizunguka meza, Maëlle akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 10 Novemba.

Loo! Loo!

Bwana Fumey, mkuu wa maghala, alikuja na wenzake, masharubu yameelekea juu. Lebo yangu ya kwanza ikatoka bila dosari. Bi. Vuillemin akanitabasamia. Nikajiona tayari nina funguo za ofisi.

Ndipo Bwana Fumey akasema angependa umri utangulie, jina lifuate, maana wanunuzi huuliza umri kwanza. Nikacheka. Hilo tu, mzee wangu? Nikageuza sentensi kwenye faili mbele ya macho yake. Lakini programu ikaendelea kuleta jina kwanza, na yule wa kuikemea nilikuwa nimemfunga macho. Tundu la umri likameza jina. Lebo ikatoka: miezi, kisha namba ndefu iliyopita ukingo wa karatasi. Halafu programu ikafa palepale, bila hata kuaga.

Bwana Fumey akavaa miwani. Akauliza kama maziwa ya jibini hilo yalikamuliwa kabla Mungu hajaumba ng'ombe. Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, machozi karibu.

Akakaa Maëlle. Faili lilelile, mageuzi yaleyale. Programu yake ikalinganisha na mfano, ikakataa kabla ya kuchapa chochote, ikataja na mstari: nilitarajia maneno kisha namba, nimekuta namba kisha maneno. Bwana Fumey akaiharibu sentensi kwa kila njia aliyoijua. Ikakataa, ikakataa tena. Maëlle akageuza mpangilio ndani ya programu yenyewe, Mkaguzi akaupitia, akaridhika. Lebo ikatoka, umri mbele. Mzee akavua kofia.

 Nami, Mungu anisamehe, nilisahau kabisa kwamba pale ndipo ninapopoteza kazi. Kitu kisichojua jibini wala ng'ombe, hakimjui Bwana Fumey, nacho kinamlinda asiandikiwe uongo kabla uongo wenyewe haujatokea!  Ningeweza kupiga magoti.

Kisha Bi. Vuillemin akampa Maëlle mkono, nikakumbuka.

Jumatatu, 14 Novemba.

Mpango mpya, nao ni bora kuliko yote. Mwisho wa wiki nimeandika barua moja ya kuomba kazi, yenye matundu: la jina la mji na la umri wangu. Kampuni arobaini kwa mpigo!

Mkaguzi akanigomea. Eti nimepeleka namba kwenye tundu la maneno. Nikamwambia bwana wee, barua si jibini. Nikaiandika upya kwa lugha nyingine, nyepesi, isiyo na maswali. Zote zikaenda bila pingamizi.

Leo jibu la kwanza. Mkurugenzi mmoja wa Dijon anauliza kwa nini nimemwita Mkurugenzi wa 31, na inakuwaje nikawa na umri wa miaka Dijon.

Inasikitisha, kampuni kubwa vile kukosa mtu anayejua kusoma. Nimemjibu papo hapo, kwa barua ileile.