Mguu wa Springi wa Mulenda

Jumatatu, 5 Agosti 2002. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.
Mchwa wamekula mguu wa Mulenda! Ule wa mbao, bahati yake. Fundi wetu wa cherehani huyu, mtu wa Fizi, Kongo. Vita ilimchukua mguu wa kuume. Kwa mguu mmoja pedali inarudi nyuma, uzi unakatika. Na kanzu za kwaya ni za Jumapili! Mama Véronique, mkubwa wa kwaya, amesema akishindwa kazi inaenda kwa mafundi wa Old Town, Lilongwe. Théogène seremala amejitolea kuchonga mguu mwingine. Mbao tena! Mi nimefika Lusaka, nimeona gazeti. Bazungu wanatengeneza miguu inayokimbia kuliko ya kuzaliwa. Nimemwambia Mulenda aniachie mimi.

Jumanne, 6
Nimeng'oa springi za kiti cha kabaza yangu. Rafiki ni rafiki. Naendesha baiskeli nimesimama. Abiria wanasifu mwendo.

Alhamisi, 8
Lilongwe. Mtaa wa Mchesi, fundi mmoja amenipa mguu wa kiti cha chuma, bure, baada ya kumweleza saa nzima habari za mwaka 2050. Alinisindikiza mpaka barabarani. Heshima!

Ijumaa, 9
Mguu wa chuma na springi umekaa! Mulenda kakanyaga pedali mara moja, mashine ikakimbia yenyewe, ikashona mkono wa shati lake kwenye kanzu ya Solange wa kwaya. Kusimama, akaruka kama panzi, akatua kwenye nsima, ule ugali wa mke wake Béatrice. Hakunifokea. Akasema polepole: "Ndugu Jules, mi siombi kukimbia. Naomba kushona."
 

Jumapili, 11
Kwaya yote ndani ya kanzu mpya! Kumbe jana alfajiri Théogène alitoa springi, akaweka mbao na kipande cha tairi chini, Mulenda akashona kutwa. Kanisani Mama Véronique akamshukuru Théogène. Nikasimama nami, nipokee zikomo yangu. Bila springi zangu angetoa nini?

Jumanne, 13
Théogène karudisha springi, kashauri nizirudishe kwenye kiti cha baiskeli. Akili ya seremala! Nimezifunga chini ya viatu vyangu. Mwenye miguu miwili akiongezewa, hiyo njo kesho ya dunia! Leo naruka mfereji wa soko, bantu wote watazame.

Jumatano, 14
Kifundo cha mguu kimevunjika.
Mulenda amekuja kunipa pole, anatembea vizuri kabisa. Théogène ameniletea mkongojo. Imara, nakubali. Lakini chini hauna kitu! Nimemwomba Mulenda anisogezee zile springi. Amezikalia, hataki kuinuka.
Haidhuru. Atasinzia.