Sukari Niliyoisaka Kwenye Kiondo cha Mama Mutua

Leo nimejiaibisha jamani, tena sebuleni kwetu mtaani Satellite, mbele ya akina mama sita wa kanisa. Nimekimbilia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kuwaandikia. Sirudi nyumbani mpaka waondoke.

Mnajua mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Alipoambiwa na daktari, nilimwahidi kwamba tutaacha kula sukari pamoja. Miezi miwili sasa hakuna sukari nyumbani. Hata kazini, huko mjini, nikimwona mtu akitia vijiko vitatu kwenye chai namhutubia (wananikwepa, najua).

Asubuhi nikampima mama kidoleni kwa ile mashine ndogo. Sukari imepanda tena! Wiki ya tatu mfululizo. Niliogopa sana. Baba tulimzika kwa ugonjwa huo huo.

"Mama, nani anakuletea vitu?"

"Hakuna."

"Mama!"

"Nimesema hakuna, Mueni."

Sikumwamini. Saa nane akina mama wakaja kumwombea, kama kila Jumamosi. Jirani yetu Mama Mutua akaingia na kiondo kimevimba. Nilikitazama maombi yote (ndiyo, macho wazi). Waliposema amina tu, nikasimama.

"Auntie, fungua hicho kiondo."

"Ati nini?"

"Kuna mtu analetea mama mandazi kwa siri. Leo nataka kumjua."

Mama Mutua akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga mezani. Biblia. Kitabu cha nyimbo. Fungu la sukuma wiki. Miwani. Basi.

"Umeona mandazi?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema mimi humlisha mama vizuri. Kila Ijumaa namletea achari ya kabichi na matango kutoka supamaketi, anakula na kila mlo, hata maji yake namwambia anywe. Nikaenda jikoni nikaleta chupa yenyewe waione! (Mwenye akili angeketi.)

Mama Mutua akavaa miwani. Akageuza chupa, akatutafsiria Kiingereza cha karatasi iliyobandikwa polepole, kama anayesoma neno la siku.

"Kabichi. Matango. Maji. Sukari." Akanitazama juu ya miwani. "Siki imeandikwa baada ya sukari, maana ni kidogo zaidi."

Jamani, sikuwahi kusoma. Kitu kichachu vile, sukari ingetoka wapi?

"Na mimi hata siipendi," mama akasema taratibu. "Nilikuwa nakula sababu ni wewe unaleta."

Hapo machozi yakanitoka. Miezi miwili amekuwa akimeza kitu asichokitaka asinivunje moyo, na asubuhi hii nimemfanya mwongo. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba na Mama Mutua, nikamrudishia sukuma yake kwenye kiondo kwa mikono yangu.

Mama Mutua akavua miwani, akawageukia wenzake.

"Akina mama, turudi kwa maombi. Kuna mgonjwa mwingine hapa."

Wakanizunguka wote sita, wakaniwekea mikono kichwani, na mama yangu akiwa wa saba, anacheka mpaka anashika mbavu. Nyinyi tafadhali msicheke. Safari hii nilifumba macho.