Mama Haamini Kwamba Lile Bango la Godoro Niliandika Mimi

Ndugu Meneja,

KUHUSU: KUOMBA MTU WA KUJA NYUMBANI KUMWELEZA MAMA

Pole na majukumu ya kiwanda. Mimi ni yule kijana wa shati la bluu aliyekuja kwenu kwa mahojiano ya kazi ya kuandika matangazo na maudhui ya tovuti yenu ya magodoro. Huenda umenisahau. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo, na kila aliyepita aliniomba nivute miguu. Kwa kiti sina kinyongo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinitaka nisifie godoro ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni. Nilipoomba nilikalie kidogo, angalau nijue ninachokisifia, dada wa mapokezi alisema lile ni la kuonyesha, si la kukaliwa. Basi nikatunga. Niliandika kwamba anayelilalia huamka amewasamehe mashemeji zake wote. Uongo ule niliutolea jasho, tena kwa heshima ya kampuni yako.

2. Kabla sijafika kwenye habari za mgongo, kalamu mliyonipa ikagoma. Kwa uungwana nikaandika chini kabisa, kwa wino wa kubembeleza: "Hapa ningeongeza habari za mgongo, lakini kalamu yenu imegoma." Hiyo ilikuwa taarifa kwa msahihishaji tu.

3. Mzee wa miwani katika jopo lenu alisoma, akakuna kidevu, akasema kazi ni safi lakini haina mvuto, haiwezi kumshawishi mtu kununua hata mto. Nikaambiwa nitapigiwa simu. Tangu hapo simu naingia nayo hadi bafuni.

4. Haukupita muda, kazi yangu isiyo na mvuto ikatundikwa mbele ya duka lenu kwa herufi kubwa. Mashemeji wamo. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu, yamo hata yale maneno ya "kalamu yenu imegoma." Mlinakili kila kitu bila kusoma. Hata hapo ningemeza mate nikanyamaza.

5. Lakini mama akapita. Mama ndiye anayenilisha, na kwake kuandika si kazi, ni mbinu ya kukwepa kuosha vyombo. Alisoma bango, akacheka peke yake barabarani, akaingia dukani, akarudi nyumbani na godoro juu ya mkokoteni. Jioni akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa kichwa, kisha akaniambia niwaone wenzangu wenye akili wanavyoandika. Nikamwambia aliyeandika ni mimi. Akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa. Nikamtolea ushahidi wa kalamu. Akasema hiyo ndiyo iliyomvuta hasa: kampuni inayokiri hadharani hata ubovu wa kalamu yake haiwezi kudanganya kuhusu godoro.

6. Sasa shangazi naye kanunua, na jirani mwenye mgongo mbovu kanunua. Wakikutana sebuleni wananitolea mfano wa huyo mwandishi. Juzi mama alisema laiti Mungu angempa mtoto kama yule. Ndugu Meneja, namwonea wivu mtu ambaye ni mimi, na imeniuma, sitakuficha.

Kwa hiyo sidai malipo, na hata kazi yenyewe nimeacha kuiota. Naomba tu mzee wa miwani aje nyumbani Jumapili, amefunga tai, kwa gari la kampuni lenye maandishi ubavuni, aliegeshe pale majirani watakapoliona. Aseme kwa sauti ya kufika jikoni kwamba lile bango niliandika mimi. Aje na muhuri, maana mama haamini kitu kisicho na muhuri. Akiweza kutoa na machozi kidogo, nitashukuru zaidi.

Nisalimie jopo zima, dada wa mapokezi, na wote waliopita wakienda chooni siku ile.

Ni mimi, mtiifu wako,
Mwandishi Asiye na Mvuto

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, nimesikia mama akiita kutoka chumbani. Godoro limebonyea katikati, naye yumo ndani ya shimo. Nimemtoa kwa kumvuta mikono yote miwili. Shangazi kafika na lake juu ya mkokoteni, na jirani kaja ameinama njia nzima. Wote watatu wanamtafuta aliyeandika lile bango, na mama ameshakunja mikono ya gauni. Tafadhali mzee wa miwani asije. Kama ameshaondoka, arudishwe njiani. Mama ameniuliza tena, akinikazia macho, kama kweli aliyeandika ni mimi. Nimemjibu kwamba mimi sina kipaji hicho, na ameniamini papo hapo.