Kifo cha Bawabu, na Jinsi Nilivyokizuia

Jumatatu, 3 Machi

Unga wangu unamwagwa. Nimeusoma muswada mara nne, nikidhani labda kuna ukurasa umeruka. Hakuna. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa mwisho: "Bawabu anaanguka kwenye ngazi, anakufa." Basi! Miaka sita nafungua geti la tajiri katika tamthilia ya kila Ijumaa, na sasa nakufa nikibadilisha balbu. Hata risasi hawakunipa. Hata ugonjwa wa moyo, ambao una heshima yake. Balbu!

Mimi si mtu wa kuokotwa. Miaka ishirini na tatu nimekuwa askari, hakimu, shahidi wa uongo, mlevi wa pili, na daktari wa kutoa habari mbaya. Sokoni wananijua. Jina hawalijui, lakini nikipita wanapaza sauti, "Bosi hayupo!", maneno yangu ya getini. Huo ni umaarufu, mtu asinidanganye.

Na kuna mama mkwe. Miaka kumi ya kwanza ya ndoa yangu aliniita "yule". Yule amekula? Yule anafanya kazi gani hasa? Tangu nivae sare ya bawabu ananiita "baba", na Ijumaa anawajaza majirani sebuleni wanitazame. Nikifa narudi kuwa yule. Nina miaka hamsini na mbili, siwezi kuanza upya.

Nimemweleza mke wangu. Amesema pole, kisha akauliza ngazi yenyewe ina urefu gani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na mwandishi. Ni dada mwenye miwani mikubwa, anafanyia kazi katika chumba kidogo nyuma ya kabati za mavazi, na hapendi watu. Nimempelekea karanga za kukaanga. Nikasifia miwani. Nikasifia na kiti chake. Alizimaliza karanga zote, ndipo akanieleza kwamba bawabu lazima afe ili mwizi apate kuingia ndani. Nikashauri afe mbwa. Akasema mbwa ana mashabiki.

Natoka tu, uso kwa uso na Kipara. Adui yangu wa miaka yote! Kila ikitafutwa nafasi ya mzee mwenye busara tunaitwa sisi wawili, na anachukua yeye kwa sababu ya kile kichwa. Eti kinapokea mwanga vizuri. Amenishika mkono kwa mikono yote miwili, akanipa pole ya msiba. Nikamuuliza msiba upi. Akasema lo, samahani, alidhani nimeshaambiwa. Meno yote yalikuwa nje.

Jumatano, 5 Machi

Mwenye mguu mbovu hapandi ngazi. Nimefika kazini nachechemea, kifundo kimefungwa kitambaa, usoni nimevaa maumivu niliyoyatumia kwenye filamu ya vita, nilipokuwa majeruhi wa tatu. Mwongozaji alinitazama nikivuka ua mzima. Nikaona anaguswa. Akamwita mpiga picha, akanionyesha kwa kidole, akasema hicho ndicho kilichokuwa kinakosekana: watazamaji wangejiuliza bawabu ameangukaje. Sasa wataelewa. Ameniomba nichechemee hivyohivyo mpaka Ijumaa.

Nimechechemea kutwa nzima. Jioni hii mguu unauma kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nilikuwa naoga. Nimetoka na povu masikioni nije kuandika.

Bawabu hafi papo hapo. Binti wa tajiri, yaani nyota wetu, anakuja mbio, anampakata, analia. Hapo nitachomeka maneno yangu mwenyewe: "Kaka yangu... anaijua siri ya nyumba hii." Kisha nakata roho. Watafanya nini? Watazamaji watataka siri. Siri iko kwa kaka. Na kaka lazima afanane na mimi. Nani duniani anafanana nami kuliko mimi? Naweka ndevu nyeupe, nashika bakora, naingia kwa mlango wa mbele badala ya kusimama getini. Maneno hayo hawawezi kuyaondoa, maana nitayasema juu ya kilio cha nyota. Wakiyakata wanakata na kilio, na machozi ya yule binti hayatoki mara mbili kwa siku. Mambo haya huyajui mpaka ukae pembeni ya kamera miaka mingi kama mimi.

Mke wangu akasema si niseme pacha, wasiwe na pa kutokea. Nimecheka mpaka nikakohoa. Pacha! Kila tamthilia ina pacha. Mimi ni msanii. Kaka mkubwa ana uzito.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekufa leo saa nne asubuhi.

Ngazi ilikuwa na vipandio vitatu, chini godoro. Mara ya kwanza nyota hakulia. Mara ya pili nzi aliniingia mdomoni, na maiti haitemi. Mara ya tatu machozi hayo! Nikafumbua jicho moja, nikayasema maneno yangu taratibu, nikaongeza na kikohozi ambacho hakikuwa kwenye mpango. Nyota alishtuka, akaniuliza kaka gani, huku machozi yanaendelea kumtiririka. Nikamjibu kwa kufa.

Mwongozaji alisahau hata kusema "Kata!" Kwa upenyo wa kope nikamwona mwandishi anatafuta kalamu. Wamenaswa wote! Mshika taa amenipa mkono. Nimerudi nyumbani bila kuchechemea.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa mama mkwe. Habari za tamthilia ni siri mpaka zirushwe, lakini nimemdokeza tu kwamba mambo makubwa yanakuja, na asishtuke akiona msiba. Nikamwambia kuna mtu atatokea mwenye ndevu, amtazame kwa makini. Ameniita baba mara nne. Nimehesabu. Amenipakulia mimi kwanza, mke wangu akabaki ameshika sahani tupu ananiangalia.

Jumanne, 11 Machi

Wameipenda! Simu imeingia asubuhi. Mwandishi ameandika kaka, na si kaka wa kupita njia: vipindi kumi na viwili, tajiri wa zamani, ana siri, ana bakora. Nikaombwa nifike saa nane. Sikungoja kuvikwa. Nimebandika ndevu nyumbani kwa gundi yangu, nikavaa koti la harusi ya shemeji yangu, nikaingia kwa mlango wa mbele.

Kwenye kiti cha kupambwa alikuwa amekaa Kipara. Wanampaka poda kichwani. Bakora imelala mapajani.

Mwongozaji amenieleza kwa upole kwamba watazamaji watakuwa wametoka kunizika. Wakiniona tena watadhani kituo kimeishiwa waigizaji. Kaka mkubwa, akasema, si lazima afanane na mdogo wake. Yeye mwenyewe hafanani na wa kwao. Angekuwa pacha, hapo sawa, wangekosa la kufanya. Kisha akanishukuru kwa wazo, mbele ya watu wote. Nafasi yangu mimi ipo: siku moja, ndani ya jeneza, kaka aje anililie.

Ndevu zimegoma kutoka. Nimerudi nazo.

Ijumaa, 14 Machi

Kipara amenililia mara nane. Analia vizuri, Mungu amsamehe. Chozi moja limenidondokea puani. Kati ya mara ya tano na ya sita aliinama, akaninong'oneza asante ndugu yangu, hajawahi kupata nafasi kubwa hivi maishani. Alikuwa anasema kweli. Miaka ishirini na tatu, na kazi yangu bora nimempa mtu mwingine kwa mdomo wangu mwenyewe! Machozi yakanitoka. Mwongozaji akasimamisha kila kitu, akaagiza mtu aje kuifuta maiti.

Ijumaa, 28 Machi

Kipindi kimerushwa leo. Sebule ya mama mkwe ilijaa mpaka mlangoni. Nilipoanguka kwenye ngazi wamama walipiga kelele, mmoja akanishika bega kuhakikisha. Nikaanza kujisikia. Halafu kaka akaingia na bakora yake, akaliinamia jeneza, na sebule nzima ikalia. Mama mkwe amefuta macho kwa upindo wa kanga. Akasema huyu mzee anajua kazi, mwanamume wa kweli, amelelewa. Akaniuliza kama namfahamu. Nikasema kidogo.

Kisha akamgeukia mke wangu, akamwambia amwambie yule asogeze kiti, anawaziba watu.

Nimesogeza.

Jumatatu, 31 Machi

Siku njema! Tamthilia mpya ya hospitali imeniita. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho, dirishani. Siku mbili za kazi, hakuna maneno, siku ya pili anakufa. Mwingine angekata tamaa. Mimi nimekaa chini nikachambua kosa langu, na nimelipata: nilichagua kaka mkubwa. Wazee siku hizi hawakosekani, utamkuta Kipara kila kona. Safari hii nitamshika muuguzi mkono, nitasubiri alie, na nitasema kwamba siri yangu anayo mwanangu wa kiume, kijana wa miaka ishirini na mitano.

Mke wangu ameniuliza kijana huyo ataigizwa na nani. Nimemwambia aniangalie vizuri, kwa mwanga wa pembeni, nikiwa nimebana tumbo. Ameniangalia, akaenda zake jikoni. Kesho asubuhi nanunua rangi ya nywele.