Udongo wa Samfya Zaidi

Siku Tresford Kasakula alipogundua kazi aliyoumbiwa, alikuwa amekwenda zahanati kuomba dawa ya kikohozi ambacho hakuwa nacho. Dawa hiyo angeiuza sokoni jioni. Alikaa benchi la nyuma, katikati ya wajawazito kama arobaini, anakohoa kwa ufundi wa hali ya juu, mara Sista Mweetwa akapanda juu ya kiti.

"Mama zangu, udongo wa hapa Kabwe hauliwi!" Sista alifoka. "Mgodi umefungwa zamani, lakini madini yake ya risasi yako kwenye vumbi mpaka leo. Ukila udongo unakula risasi. Inaingia kwenye damu yako, inamfuata mtoto tumboni, anazaliwa mdogo hata kilo mbili hafikishi. Mmenisikia?"

"Sista, na mimba ikinidai udongo nifanyeje?" akauliza mmoja.

"Iambie dukani umekwisha."

Ukapita mguno ukumbi mzima, mguno wa watu walionyimwa kitu wanachokiota usiku kucha. Tresford aliacha kukohoa palepale. Mtu mwingine angesikia uchungu wa akina mama. Yeye alisikia wateja.

Kabla ya juma kwisha alikuwa amesimama nje ya soko ndani ya koti jeupe la mwuza nyama, alilolichomoa kwenye marundo ya salaula, nguo za mitumba, doa la kifuani akalificha kwa kalamu tatu. Mbele yake palikuwa na sahani mbili za udongo. Mkononi alishika sumaku nzito aliyoing'oa kwenye spika ya baa iliyokufa, spika na baa vyote viwili.

"Sogeeni, mama zangu, sogeeni! Mimi ni Dokta wa Udongo. Sahani hii ni udongo wa kwetu. Tazameni!"

Akapitisha sumaku. Chembe nyeusi zikaruka zikaing'ang'ania. Usiniulize zilitoka wapi; kijiwe cha mchomelea vyuma kilikuwa hatua kumi kutoka pale, na Tresford alikuwa amekifagia alfajiri kwa moyo wa kujitolea.

"Weee! Risasi hiyo?" mama mmoja akashika tumbo.

"Yenyewe! Hiyo ndiyo inayowapunguza watoto wenu. Sasa tazameni udongo wangu, kutoka Samfya, ziwani, mahali ambapo mgodi hawaujui hata kwa jina." Akapitisha sumaku kwenye sahani ya pili. Kimya. Hakikuruka hata kijichembe. "Mmeona? Safi! Mtoto anazaliwa kilo nne, anaomba ugali wa nshima palepale."

Wakanunua. Wakagombana wakinunua. Na huo udongo wa Samfya, ukitaka kujua ukweli, ulitoka kwenye kichuguu nyuma ya choo cha Tresford, ambapo ukirusha jiwe linaangukia kwenye ua wa mgodi wa zamani. Samfya yenyewe Tresford hakuwahi kufika, nauli aliiona ghali.

Watu walipopungua, akabaki mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa Bana Nkandu, nachimbusa wa mtaa ule, yule anayewafunda mabinti kabla ya ndoa na kuwakalia pembeni wakati wa kuzaa. Aliichukua sumaku, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo hii inavuta risasi, mwanangu?"

"Inavuta kama mkopo, mama."

"Haya. Marehemu mume wangu alikuwa tanuruni kule mgodini, miaka ishirini na mbili anayeyusha risasi."

"Pole sana, mama," alisema Tresford, akiwa anatazama kibegi chake cha hela.

Bana Nkandu akamrudishia sumaku, akasema, "Koti lako linachafuka kwa vumbi, Dokta. Udongo wako uniletee mimi kwa toroli. Nitauponda, nitauoka, nitaufunga vizuri. Unanipa changu kidogo. Wewe kazi yako iwe mdomo tu."

Tresford nusura ambusu. Kumwaga maneno hakukumchosha. Koleo ndilo lililomchosha. Tangu siku hiyo akawa anasukuma toroli moja la kichuguu kila Jumatatu mpaka kwa Bana Nkandu, na Jumatano anachukua vidonge vya kahawia vilivyookwa, vinanukia mvua ya kwanza. Wanawake waliviguguna wakifumba macho. Yeye hakuonja hata kimoja. Jamani, alikuwa mwongo, hakuwa mjinga.

Kasheshe ilianzia nyumbani. Mkewe, Idah, alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kusemwa na mawifi. Tresford alikuwa anampenda Idah kwa mapenzi ya kweli, pengine ndicho kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Na Idah, kama wenzake, mimba ilimdai udongo.

"Baba, nipe kidonge kimoja."

"Hivyo ni vya biashara."

"Mtaa mzima unakula udongo wa mume wangu, mimi ninalamba ukuta?"

"Unalamba ukuta?" Tresford aliruka. "Ukuta upi? Wa vumbi la hapa? Idah, acha! Nakuomba, acha!"

"Basi nipe wa Samfya, si ni safi?"

Tresford akavifungia vidonge sandukuni, akalala na ufunguo. Usiku huo aliona mizani ya zahanati kila alipofumba macho, na ndani yake katoto kadogo kama sungura. Kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwa Bana Nkandu.

"Mama, una dada yako Samfya, si ndiyo?"

"Ninaye."

"Naomba aniletee udongo wa huko. Wa kweli. Wa mke wangu."

Bana Nkandu akaweka mwiko chini taratibu. "Kwani huu wako ni wa wapi?"

"Wa... wa Samfya, mama. Lakini nataka wa Samfya zaidi."

"Aaa, wa Samfya zaidi." Uso wake haukucheza. "Huo upo. Ila bei yake, mwanangu, utalia."

Na kweli alilia. Kila faida aliyowakamua wajawazito wa Kabwe aliimwaga kwa Bana Nkandu, akarudi nyumbani na kijimfuko kimoja, amekikumbatia. Idah alikula, akanawiri, mashavu yakajaa. Tresford akawa anazunguka na koti la bucha na mifuko mitupu, tapeli pekee mjini aliyekuwa anafilisika kwa wizi wake mwenyewe.

Miezi yake ilipotimia, Idah akajifungua. Sista Mweetwa akamlaza mtoto kwenye mizani, akaisoma, akaigonga, akaisoma tena.

"Kilo tatu na nusu! Msichana!"

Tresford akakaa chini sakafuni, akalia bila aibu. Alikuwa bado anafuta kamasi pale Sista alipomwambia kwamba si wake tu: wote waliokula vidonge vyake, watoto wao wanapanda mizani wamejaa vizuri. Habari hizo zilikuwa zimefika mbali. Shirika moja la watoto linamtuma mtu, bwana Simunyola, anataka vidonge vya wilaya nzima.

Sasa hapa ndipo akili ya Tresford ilipokwenda likizo. Alikaa akawaza: udongo wangu nimeutoa kwenye kichuguu, watoto wamezaliwa wakubwa. Kumbe kichuguu changu ni safi! Kumbe siku zote nilikuwa nasema kweli bila kujua! Maskini, uongo wake mwenyewe ulikuwa umemwingiza mkenge.

Bwana Simunyola akaja na mashine ya mkononi, umbo lake kama kikausha nywele, ambayo ikielekezwa kwenye risasi inalia. Mbele ya zahanati akaielekeza kwenye vidonge. Kimya. Akajaribu vingine. Kimya.

"Ajabu! Hakuna risasi hata chembe. Bwana Kasakula, unachimba wapi? Tunataka tani."

Bana Nkandu akamvuta koti. "Mwanangu, nyamaza kwanza tuongee."

"Aa, mama, usinipokonye tonge mdomoni!" Tresford akampangua mkono. "Twendeni nyumbani kwangu! Nawaonyesha chimbo lenyewe!"

"Si Samfya?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Tresford alikuwa mbali tayari.

Msafara mzima ukamfuata, wanawake, watoto, Sista, na Idah akiwa na kichanga kifuani. Tresford akawapitisha kando ya choo, akapanda juu ya kichuguu kilichobakia nusu, akapanua mikono.

"Hiki hapa!"

Bwana Simunyola akaielekeza mashine. Ikalia. Akaitikisa, akaielekeza tena, ikalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

"Bwana, hapa risasi imejaa! Hiki ni sumu tupu!"

Kisha akina mama wakaanza kuelewa, mmoja baada ya mwingine: choo, kichuguu, Samfya. Mmoja akavua kiatu.

"Ngojeni," alisema Bana Nkandu. "Tangu aanze kuniletea toroli, hakuna aliyekula udongo huu. Wote alioniletea umo kwenye shimo la choo changu cha zamani, nimeufunika. Mliokula ni ulezi wa kukaanga, karanga na dagaa wa kapenta, nimeviponda, nikavitia moshi mpaka vikanukia mvua." Akamgeukia Tresford. "Umeleta sumaku kwa mjane wa tanuru, mwanangu. Risasi haivutwi na sumaku, hapa mtaani hata kuku wa mtu wa tanuru anajua."

"Kwa nini hukunisema siku ile?" Tresford akauliza, bado yuko juu ya kichuguu.

"Ningekusema, wangerudi kulamba kuta zao kwa siri. Sista amepiga kelele mwaka mzima, nani alimsikia? Wewe walikusikia. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa kilo moja na nusu. Mama yake alikuwa anakula udongo nyuma ya nyumba, mimi namwona, namwacha." Akakaza kitambaa chake cha njano. "Nilihitaji mdomo wako. Na ulezi na karanga havinunuliwi kwa mate, ndiyo maana nikakuuzia ulezi uleule kwa jina la Samfya zaidi. Ulikuwa unawalisha wote hawa."

Kiatu kikarudi mguuni. Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa bwana Simunyola, ambaye tayari alikuwa anaandika jina la Bana Nkandu kwenye karatasi.

Idah peke yake hakucheka. Alimsogelea mumewe pale juu ya kichuguu.

"Ulijua udongo huu unatoka wapi, ndiyo maana mimi ukaninyima?"

"Ndiyo, mke wangu. Kwa sababu nakupenda wewe na mtoto."

"Na hawa wenzangu na watoto wao?"

Tresford akaanza kukung'uta vumbi kwenye koti lake.

Idah akamchomolea sumaku mfukoni mwa koti, akaipitisha taratibu kifuani mwa mumewe, upande wa moyo, kwenye lile doa la bucha. Akaiangalia. Haikushika kitu.

"Hamna kitu humu," akawaambia wenzake, akamrudishia sumaku yake, akashuka na mtoto.